Bwana Afya Anawajibika kwa Nani?

Katika sehemu ya ukanda wa shaba inayotoka Kipushi, ikapita Lubumbashi na kufika Kinsevere, yapata kilomita 30 kaskazini mwa jiji, historia ya afya ya umma haitengani na historia ya mgodi. Watu wa kwanza waliochimba vyoo vya pamoja, wakachunguza maji ya mto na kuhesabu wagonjwa kila asubuhi hawakutumwa na baraza la mji wala na wakaazi wenyewe, bali na kampuni iliyohitaji mikono ya kuchimba. Afya ya umma hapa ina maana ya kazi ya kuyazuia maradhi ya watu wengi kabla hayajamfikia daktari, yaani maji safi, uzoaji wa kinyesi na taka, nyumba zisizosongamana, chakula cha kutosha, na vita dhidi ya wadudu wabebao maradhi.

Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba kazi ya usafi iliyofanywa huku Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, katika miongo mitatu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa huduma ya afya ya umma kwa maana ile ile iliyoeleweka wakati huo katika miji ya Uingereza. Sauti tatu zimepewa nafasi, nazo si za watu fulani wanaojulikana bali za misimamo inayosikika hadi leo mabarazani Lubumbashi. Yuko Bwana Afya, mtaalamu wa usafi anayeitetea hoja. Yuko Mama wa Kamalondo, mwenye nyumba katika mtaa mkongwe kuliko mitaa yote ya Waafrika iliyosalia mjini, anayeipinga. Na yuko Mtunza Nyaraka, asiyekubali wala kukataa mpaka aone daftari.

Bwana Afya anaanzia mbali, tena kwa makusudi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1872, anaeleza, ililazimisha kila wilaya ya nchi kuajiri daktari wa afya, ambaye kazi yake haikuwa kutibu bali kuchunguza chanzo cha maradhi na kuliandikia baraza la mji ripoti ya kila mwaka. Sheria kubwa ya 1875 ikakusanya pamoja kanuni za maji, mifereji, vyoo na nyumba mbovu. Chini ya daktari huyo alikuwapo mkaguzi wa usafi, mtu wa viatu vyenye matope, aliyeingia uani kutazama choo, bomba na zizi la nguruwe, kisha akampa mwenye nyumba ilani ya kutengeneza kilichoharibika kabla ya siku iliyowekwa. Katika miji kama Nottingham nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa bado na vyoo vya ndoo au vya shimo, vilivyozolewa kwa mikono, na hesabu za daktari wa mji huo zilionyesha kwamba homa ya matumbo ilizipiga nyumba hizo mara nyingi zaidi kuliko zile zenye vyoo vya maji. Mwaka 1900, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Uingereza, karibu 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Kufikia 1910 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu 105. Bwana Afya anasisitiza kwamba hakuna dawa mpya iliyoleta tofauti hiyo, na kwamba sehemu kubwa ya sifa ni ya mifereji, maziwa safi na wanawake waliotumwa majumbani kuwashauri wazazi.

Maarifa hayo, anaendelea, yalivuka bahari. Chuo cha tiba ya nchi za joto kilichoanzishwa Liverpool mwaka 1898 kilituma Kongo msafara wa kuchunguza malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Wawili kati ya madaktari wake, Joseph Dutton na John Todd, walithibitisha pia kwamba homa ya vipindi huletwa na papasi, kupe anayejificha katika sakafu na kuta za udongo, jambo ambalo madaktari waliokuwa Uganda walikuwa wamelifikia kwa njia yao wakati ule ule. Dutton aliugua homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza, akafa Kasongo, Maniema, mwezi Februari 1905. Huku Katanga daktari Mwingereza, A. Pearson, alifanya kazi katika migodi tangu miaka ya mwanzo, na mwaka 1923 yeye na mwenzake Mbelgiji, René Mouchet, walichapisha London kitabu kizima juu ya usafi wa kambi za wafanyakazi, kilichotokana na uzoefu wa miaka 18 ya kwanza ya kazi ya Wazungu Katanga.

Kitabu hicho hakikuandikwa bure. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi 1966, mwaka 1910, na tanuru la kwanza la kuyeyusha shaba likawashwa 1911. Vijana walioandikishwa kazi walitembea kwa miguu majuma kadhaa kutoka vijijini mwao, wakawasili wamekonda, wakalazwa wengi katika kibanda kimoja kwenye baridi ya Juni na Julai, wakalishwa unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea. Waliuawa na kuhara damu, nimonia, homa ya matumbo na kiseyeye, ugonjwa wa fizi na mishipa unaotokana na kukosa mboga na matunda. Katika miaka mibaya, kwa kila wafanyakazi 1,000 wa Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa 1906, walikufa makumi kadhaa kwa mwaka. Kisha vibanda vikabomolewa zikajengwa nyumba za matofali, vyoo vikawekwa mbali na visima, posho ikaongezwa maharage, karanga, nyama na mafuta ya mawese, wageni wakatengwa kwa muda wapate nguvu kabla ya kushuka mgodini, na vifo vikapungua sana katika miaka ya 1920 na 1930. Bwana Afya anamalizia zamu yake kwa kumgeukia mpinzani wake: "Mama, mtu aliyepona kuhara damu haulizi ni nani aliyelipia choo."

"Docta, anauliza," Mama wa Kamalondo anajibu, "kwa sababu aliyelipia choo ndiye aliyeamua mtu alale wapi."

Hoja yake inahusu ramani. Mtaa wa kwanza wa Waafrika ulikuwa karibu na mji wa Wazungu, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakaazi wake walihamishiwa mahali panapoitwa sasa Kamalondo, wakati huo ikiitwa kwa jina la mfalme Albert, huku ukanda wa ardhi tupu wenye upana wa mamia ya mita ukiachwa katikati. Ukanda huo uliitwa wa kiafya. Nadharia yake ilitokana na uchunguzi wa Waingereza Afrika Magharibi kuanzia 1900, uliodai kwamba damu ya watoto wa Kiafrika ndiyo ghala la malaria, na kwamba kwa kuwa mbu haruki mbali, Mzungu atapona akilala mbali nao. Wazo hilo lilizunguka Afrika nzima: huko Dar es Salaam uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo na mitaa ya jirani, na huko Nairobi Profesa William Simpson, aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka 1913, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi kwa jina la usafi.

Mama anauona udhaifu wa nadharia hiyo pale pale ilipotumika. Wapishi, madobi na yaya wa Elisabethville walivuka ukanda huo mtupu kila alfajiri, na wengi wao walilala katika vijumba vya nyuma vya waajiri wao, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha bwana, hivyo kwamba ghala la malaria, kama kweli lilikuwapo, lilikuwa limewekwa jikoni. Mbu hakuombwa kibali cha usiku, Mwafrika aliombwa. Kinga inayomwacha mgonjwa anayedhaniwa karibu kadiri anavyohitajika kazini, na kumfukuza kadiri asivyohitajika, inapimwa vizuri zaidi na mwanasheria kuliko na daktari.

Bwana Afya anakubali kwamba nadharia ilikuwa mbovu, lakini hakubali kwamba kazi yote ilikuwa hivyo. Anatoa mfano wa Luanshya, ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, ambako mgodi wa Roan Antelope ulimwita Sir Malcolm Watson wa taasisi ya Ross ya London mwaka 1929, wakati malaria ilipokuwa ikiwatisha wajenzi wa mgodi kiasi cha wengi kukimbia. Watson hakuanza na nyumba za watu bali na maji yanayozalisha mbu: madimbwi ya mabondeni yalikaushwa kwa mitaro, mto Luanshya ukasafishwa magugu ili maji yakimbie, na penye maji yaliyobaki pakamwagwa mafuta yanayowanyima viluwiluwi hewa. Malaria ilishuka, kwa Mzungu na kwa Mwafrika pia.

Hapa mjadala unageuka, kwani Mama anauchukua ushahidi huo na kuutumia upande wake. Ikiwa mbu wa Luanshya aliweza kupigwa mtoni bila kumhamisha mtu, anauliza, ule uwanja mtupu wa Elisabethville ulikuwa na kazi gani baada ya hapo, na mbona haukujengwa mara moja? Bwana Afya hana jibu la kitabibu, na ni kwa heshima yake kwamba hajaribu kulitafuta. Anajibu tu kwamba hata Uingereza usafi ulitumika kuwaondoa maskini, kwa mfano Birmingham, ambako mpango wa Joseph Chamberlain wa miaka ya 1870 ulibomoa vichochoro vibovu na kuweka barabara ya maduka, nao waliokuwa wakiishi humo wakaenda kusongamana kwingine. Jibu hilo ni la kweli, ila linaidhoofisha hoja yake kuliko kuiokoa.

Ndipo Mtunza Nyaraka anapofungua daftari. Kwake swali la kwanza si kama madaktari walikuwa na nia njema, kwa sababu wengi walikuwa nayo na baadhi walikufa kwa ajili yake. Swali ni kwa nini kampuni iliwasikiliza katika miaka fulani na si katika mingine. Watu wa kuajiriwa walikuwa haba Katanga. Shirika la kuandikisha wafanyakazi lililoundwa 1910 liliwatafuta mbali, na baadaye wakaletwa hata kutoka Rwanda na Burundi, na tofauti ya chakula na ya nyuzi za joto iliwaua wengi wao. Kila aliyekufa au kutoroka alikuwa gharama iliyopotea: ada ya kumwandikisha, nauli, blanketi, posho ya majuma ambayo hajafanya kazi. Mwaka 1913 William Gorgas, daktari wa jeshi la Marekani aliyeishinda homa ya manjano katika mfereji wa Panama, aliitwa na wenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, naye akashauri kwamba nimonia ingepungua wafanyakazi wakipewa nafasi kubwa zaidi ya kulala na wakiishi na familia zao badala ya kurundikwa. Union Minière ilipoanza, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wanaume kuishi kambini na wake zao, chini ya usimamizi wa watu kama Dakta Léopold Mottoulle, afya na hesabu ya fedha zilikuwa zimekutana mahali pamoja. Zilikutana, hazikuwa kitu kimoja.

Tofauti yake, anasema Mtunza Nyaraka, inaonekana katika yale ambayo daftari liliyaacha. Mfanyakazi aliyezidiwa na kurudishwa kwao alihesabiwa kuwa ameondoka, na akifia njiani au kijijini mwake hakuongeza vifo vya kambi. Mke aliyebaki nyumbani kulima peke yake hakuwamo. Haukuwamo pia moshi. Upepo mkuu wa nyanda hizi huvuma kutoka kusini-mashariki, na tanuru liliwekwa mahali ambapo mji wa Wazungu haungefikiwa na hewa yake. Upande wa pili, kaskazini-magharibi mwa bomba la moshi, miti ilikufa na udongo ukajaa shaba kiasi kwamba hata leo, katika mtaa wa Penga Penga, wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanatafuta mimea inayoweza kuota. Mkaguzi aliyeweza kumwadhibu mkaazi kwa kopo la maji yaliyotuama uani hakuwa na ilani ya kuliandikia tanuru.

Inafaa kuongeza, kwa haki, kwamba sheria ya Uingereza ya 1875 nayo iliiacha nje migodi na uyeyushaji wa madini. Moshi wa tajiri ulisamehewa kwa maandishi, tena katika sheria ile ile iliyosifiwa kwa usafi.

Juu ya afya ya watoto Mama wa Kamalondo ni mpole zaidi, na pengine hapo ndipo anaposadikika zaidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 watawa na wauguzi walifungua katika kambi vituo vya kupima watoto uzito, kugawa maziwa na kuwafundisha akina mama, kama ilivyokuwa ikifanyika Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza. Wanawake walikwenda, nao waliona watoto wao wakikua. Lakini mizani, posho, nyumba na kazi ya mume vyote vilisimamiwa na ofisi moja ya kambi, kwa hiyo mama aliyepewa ushauri alijua kwamba ushauri huo una mkono mrefu. Wanawake wa vichochoro vya Uingereza pia walichukizwa na wageni waliofunua masufuria yao, ila mgeni huyo hakuwa mwajiri wa mume wala mwenye nyumba. Mama anakumbusha uvumi wa batumbula, watu wa usiku waliosemekana kuwakamata Waafrika na kuwapoteza. Bwana Afya anauita ujinga. Mtunza Nyaraka anaukataa uamuzi huo: watu waliopimwa, wakadungwa sindano, wakahamishwa na kuhesabiwa bila kuelezwa sababu walikuwa na haki ya kushuku, na uvumi ndiyo ripoti pekee waliyoweza kuitoa wenyewe.

Neno hilo la ripoti ndilo kiini cha jambo lote, na hapa mwandishi anachukua upande. Daktari wa afya wa Uingereza hakuwa malaika. Alibanwa na wenye nyumba waliokaa barazani, akanyimwa fedha na walipa kodi, na mara nyingi aliwadharau maskini aliowahudumia. Lakini ripoti yake ilichapishwa, gazeti la mji likainukuu, na baraza lililoisoma lilichaguliwa, hata wanawake walipa kodi wakiwa na kura katika uchaguzi wa miji tangu 1869 na haki ya kuketi katika mabaraza hayo tangu 1907. Katika Elisabethville hakuna aliyekuwa na kura, Mzungu wala Mwafrika, ingawa Mzungu alikuwa na masikio ya serikali. Uchaguzi wa kwanza wa komini, yaani sehemu za mji zenye utawala wake, ulifanyika Desemba 1957, miongo mingi baada ya Dakta Pearson kuanza kazi. Kwa hiyo hoja ya Bwana Afya inasimama kwa mguu mmoja: ufundi ulikuwa ule ule, choo kilikuwa choo, na waliopona walipona kweli, bali huduma ya umma haikuwa, kwa sababu umma haukuwa na njia ya kuidai pale ilipopungua. Iliongezeka shaba ilipohitaji watu. Watu walipohitaji afya bila shaba kuwahitaji, hapakuwa na wa kuulizwa.

Bwana Afya anatoa pingamizi moja la mwisho, nalo ni zito. Kura, anasema, hazijaleta maji. Régideso, shirika la maji lililoundwa 1939, halijaufikia mji uliokua mara nyingi zaidi ya ule uliokusudiwa, na wakaazi wa mitaa ya pembeni wanachota visimani karibu na vyoo vyao; kipindupindu kiliupiga mji mwaka 2008 katika mitaa ambayo hakuna bwana mkubwa wa kambi anayeilinda wala kuibana. Wazee waliokulia katika kambi za Union Minière na za mrithi wake Gécamines wanazikumbuka hospitali na posho kwa hamu, na si haki kuwaambia kwamba kumbukumbu yao ni ya kitumwa. Mama wa Kamalondo hawaambii hivyo. Anauliza tu ni lini kambi hizo zilipoanza kuoza, na jibu analijua kila mtu Lubumbashi: mgodi ulipoishiwa fedha, bomba la maji na hospitali vilikauka pamoja nao, kwa sababu vilikuwa mali yake.

Swali hilo si la kihistoria tu huko Kinsevere, katika teritwari ya Kipushi, ambako shaba inachimbwa na kampuni ya MMG, iliyoununua mgodi mwaka 2012. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaagiza kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa mamlaka za mahali mgodi ulipo. Kisima, zahanati na choo cha shule vinaweza kujengwa kwa fedha yoyote kati ya hizo mbili, na mwanakijiji anayeteka maji huenda asione tofauti. Tofauti ipo. Fedha ya kwanza ina kampuni mezani pamoja na wawakilishi wa jamii. Ya pili ni ya mamlaka ya umma moja kwa moja, na anayeitumia vibaya hana kampuni ya kujificha nyuma yake. Mtunza Nyaraka hapendi kuchagua kati ya hizo mbili. Anataka zote ziandikwe.

Komini za Lubumbashi zilichagua madiwani wao tarehe 20 Desemba 2023, na vijiji vya Kinsevere, vilivyo nje ya jiji, bado havina baraza la namna hiyo. Madiwani hao wanaombwa jambo ambalo kila mji mdogo wa Uingereza ulilifanya zaidi ya miaka mia moja iliyopita: wamwagize bwana afya wa komini aandike kila mwaka, kwa Kiswahili, ni watu wangapi waliugua kipindupindu na homa ya matumbo na katika mitaa ipi, maji ya kisima gani yalipimwa na yakaonekanaje, na vumbi na moshi vilipimwa wapi, kisha ripoti hiyo ibandikwe ukutani penye njia ya watu. Kampuni za migodi na mamlaka za Kipushi ziombwe hiyo hiyo kwa ajili ya Kinsevere, bila kusubiri uchaguzi.